Kununua Matairi ya Trekta Kuukuu Bila Kupoteza Fedha

Katika mashamba ya Uasin Gishu, kutoka Ziwa na Moiben hadi Kesses, yapo bado matrekta ambayo umri wake unapita umri wa vijana wanaoyaendesha. Massey Ferguson 135, kwa mfano, liliundwa tangu mwaka 1964 hadi 1975, na hata hivi leo utalikuta likivuta plau kabla ya mvua za Machi. Injini yaweza kufunguliwa ikatengenezwa kidogo kidogo, kadiri fedha zinavyopatikana. Lakini matairi ya nyuma yakiisha yamekwisha, na mwenye trekta hupaswa kutoa fedha nyingi kwa mara moja. Mtu akingoja hadi mvua imenyesha na majirani wamekwisha kuanza kupanda mahindi, atanunua lolote atakaloonyeshwa. Heri aende Eldoret mapema, naye amekwisha kujua anachokitafuta.

Jambo la kwanza ni kusoma nambari zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lililoandikwa 12.4-28 lina upana wa inchi 12.4, na rimu yake ina kipenyo cha inchi 28. Matrekta ya zamani huleta matata hapa, kwa sababu hesabu ya upana ilibadilishwa zamani. Tairi lililoitwa 11-28 ndilo liitwalo sasa 12.4-28, lile la 12-28 likawa 13.6-28, na 13-28 likawa 14.9-28. Kwa hiyo mwenye kitabu cha zamani cha trekta asikate tamaa akiambiwa dukani kwamba nambari yake haipo. Aulize kwa nambari mpya.

Je, yafaa kuongeza upana? Mara nyingine yafaa. Rimu iliyopigwa chapa W11 hupokea tairi la 12.4, nayo yaweza kupokea la 13.6 pia. Lakini pima kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi, na ubadilishe magurudumu yote mawili pamoja. Haya nayasema kwa trekta linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Trekta linalosukumwa na magurudumu yote manne lisibadilishwe kipimo hata kidogo, maana magurudumu ya mbele na ya nyuma yamepatanishwa kiwandani. Mapatano hayo yakiharibika, giaboksi ndiyo itakayolipa.

Kati ya nambari mbili za kipimo kuna alama ndogo ambayo wengi hawaiangalii. Kistari, kama katika 12.4-28, ni ishara ya tairi la kawaida ambalo nyuzi zake zimepishana. Herufi R, kama katika 12.4R28, ni ishara ya tairi ambalo nyuzi zake zimekwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Hili la pili hukanyaga ardhi kwa eneo kubwa zaidi na hudumu barabarani, lakini bei yake ni ya juu. Kwa trekta la nguvu za farasi 45 linalolima ekari za mwenyewe, sioni sababu ya kulipa ziada hiyo. Mtu anayelimia watu kwa malipo, akisafiri kila siku juu ya lami na changarawe kutoka shamba hadi shamba, afikiri kwa namna nyingine. Barabara hula meno ya tairi upesi kuliko udongo.

Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilifunga kazi mwaka 2016, na matairi mengi mapya tunayoyaona sasa hutoka ng'ambo, hasa India na China. Bei hupanda na kushuka pamoja na dola, na ndiyo maana watu wengi hugeukia matairi yaliyokwisha kutumika. Si vibaya, mradi mnunuzi aangalie kwa macho yake mwenyewe. Tafuta ubavuni tarakimu nne za tarehe: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kisha inama utazame chini ya meno, pale yanapoungana na mwili wa tairi. Nyufa za mahali hapo ni mbaya kuliko meno yaliyolika, kwa maana tairi lenye meno mafupi bado laweza kuvuta trela, bali lililopasuka litakuacha njiani na mahindi ya watu. Tazama na ndani pia, ukitafuta viraka na nyuzi zilizokatika. Muuzaji asiyekubali tairi litazamwe ndani, mwache na mali yake.

Kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote ni kununua tairi moja jipya na kuliweka pamoja na kuukuu lililolika. Magurudumu mawili yasiyolingana kimo huifanya difu izunguke bila kupumzika hata trekta liendapo moja kwa moja, na trekta huvutika upande mmoja. Asiye na fedha za mapya mawili na anunue jozi iliyotumika inayolingana.

Matairi ya mbele hayana taabu nyingi. Kipimo cha 6.00-16 ni cha kawaida, na wengine hutia ya pikapu. Kwa kuvuta trela yatafaa. Lakini katika udongo mweusi uliolowa, tairi lisilo na mifereji ya kuzunguka huteleza, na dereva hukata kona huku trekta likienda mbele.

Pengine tairi lako halijaisha, ila linateleza kwa kukosa uzito. Pima hivi: tia chokaa kwenye gurudumu la nyuma, endesha plau ikiwa juu, na upime mwendo wa mizunguko 10. Rudia plau ikiwa ardhini. Ikiwa mara ya kwanza ulipata mita 38 na ya pili mita 33, mtelezo ni kama asilimia 13, nao ni wa kiasi. Ukipata mita 28, zaidi ya robo ya mwendo wako inapotea pamoja na dizeli. Hapo, kabla ya kununua chochote, jaza maji katika mpira wa ndani hadi robo tatu: geuza gurudumu valvu iwe juu, ujaze mpaka maji yafike kwenye valvu. Tairi la 12.4-28 hupokea karibu lita 150, yaani kilo 150 kila upande. Katika nchi za baridi kali huchanganya chumvi maji yasigande. Kwetu maji matupu yanatosha.

Siku ya kufunga, mtu yeyote asisimame mbele ya tairi linapojazwa upepo, wala fundi asizidishe paundi 35 ili kulikalisha kwenye rimu. Likigoma, litolewe upepo, lipakwe sabuni, lijazwe tena. Rimu isichomelewe kamwe tairi likiwa juu yake, maana hulipuka na kuua. Mwisho simama nyuma ya trekta: ncha za meno zielekee juu. Zikielekea chini, matairi yamefungwa kinyume, na fundi ayabadilishe pande kabla hujamlipa.