Treni ya Waya na Masikio ya Kazi



Kila mtu aliyewahi kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga anajua kuwa mashine ile ina sauti mbili. Ikiwa tupu hulia kwa wepesi. Mahindi yakimiminwa, sauti hushuka na kuwa nzito, na mwendeshaji hagusi kitu mpaka asikilize kwanza. Wavuvi wa Nchelenge na Kashikishi nao ni hivyo hivyo. Mtu amelala nyumbani alfajiri, anasikia injini ya boti ikirudi kutoka Ziwa Mweru, na kabla hajafungua mlango anajua kama boti imejaa samaki au imerudi mikono mitupu. Hayo ni masikio ya kazi. Shuleni hayafundishwi.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu leo nataka kuandika habari za treni ndogo za mfano, na jinsi zinavyopewa sauti na uendeshaji wa kufanana na treni ya kweli. Najua wako watakaosema chama kimekosa la kuandika. Wanisubiri kidogo.

Huku kwetu ukingoni mwa Mweru reli haijafika. Samaki wetu huenda Copperbelt kwa lori. Ndiyo maana watoto wetu wanaokunja waya hutengeneza zaidi malori na mabasi. Anayetaka kutengeneza treni sharti awe ameiona Kasama au Mpika kwenye reli ya TAZARA, au huko Ndola. Vifaa ni vile vile: waya, makopo, kandambili kuukuu za kukatia magurudumu, na waya mrefu wenye usukani ili mwenye gari aliendeshe akiwa amesimama wima. Injini ni mdomo wake mwenyewe. Msikilize siku moja bila kumcheka. Akipanda mlima, mdomo unaguna. Akibadili gia, sauti inakatika kisha inaanza chini. Akishuka, ananyamaza na kuacha gari liserereke. Mtoto huyo anajua jambo ambalo watengenezaji wa treni za mfano za bei kubwa walihangaika nalo miaka mingi.

Zamani treni ya mfano iliendeshwa kwa njia moja tu. Umeme ulipitishwa kwenye reli zake mbili; ukiongeza nguvu ya umeme inakimbia, ukipunguza inasimama. Ilikuwa ikiruka kama panya. Na ukiweka vichwa viwili kwenye reli moja, vyote viwili vinaondoka pamoja, upende usipende. Mwaka 1963 kampuni ya General Electric ya Marekani ilileta mtambo ulioitwa ASTRAC wa kuamrisha vichwa kadhaa mbalimbali. Mwaka 1979 Hornby wa Uingereza wakatoa Zero 1. Katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani kilipitisha kanuni moja ya wote, iliyotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na mpaka leo ndiyo inayotumika sana.

Kanuni hiyo mfanyakazi wa kiwandani hawezi kushindwa kuielewa. Umeme wa kwenye reli haupandi wala haushuki, bali unabeba ujumbe. Ni kama mnyapara anayesimama asubuhi na kuita namba za kazi. Wote wanasikia, lakini anayeitika ni yule aliyetajwa namba yake. Ndani ya kila kichwa cha treni kuna kifaa kidogo kiitwacho dekoda, nacho kina namba yake. Kikiitwa ndipo kinaipa mota umeme, au kinawasha taa, au kinapiga honi. Ndani ya dekoda mna mipangilio yenye namba pia. Namba 3 ni ya kuondoka na namba 4 ni ya kusimama. Ukiongeza namba hizo, treni inaanza kuvuta taratibu na inachukua muda kusimama, kana kwamba ina mabehewa mengi nyuma yake.

Uzito huo wa kubuni ndio unaofungua mlango wa sauti. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu asiyejua kazi hudhani treni ikienda kasi ndipo hupiga kelele, ikienda polepole hunyamaza. Dereva yeyote wa dizeli atamshangaa. Mkono wa mafuta wa kichwa cha dizeli-umeme kwa kawaida una ngazi 8. Anapoondoka na mzigo mzito, dereva anapandisha ngazi, injini inanguruma, na treni bado haijasogea. Viungo vya mabehewa vinavutika kimoja baada ya kingine, ndipo magurudumu yanaanza kuzunguka. Mbele kwenye mteremko anarudisha mkono, injini inatulia kabisa, na treni inakwenda kasi kuliko wakati wowote huku husikii ila magurudumu na breki. Kwa hiyo kelele kubwa kabisa inaweza kuwa ni ya treni iliyosimama. Sauti hufuata kazi. Haifuati mwendo.

Dekoda nzuri za leo, mathalani LokSound za kampuni ya ESU ya Ujerumani, zina kitufe cha kushikilia mwendo ili mwendeshaji apandishe au ashushe sauti ya injini peke yake, kama afanyavyo dereva mlimani. Pia huweza kupimia mota. Dekoda hukata umeme kwa kitambo kidogo sana, na katika kitambo hicho mota inayozunguka huzalisha umeme wake yenyewe; dekoda inaupima na kujua kama mota imelemewa. Kwa maneno mengine, imefundishwa kusikiliza kama mwendesha mashine ya kusaga.

Injini za mvuke zina mambo yake. Yenye silinda mbili hupumua mara 4 kila gurudumu la kuvutia likizunguka mara moja. Ukisikia 3 au 5 kwenye mfano wake, aliyeitengeneza hakuwahi kusimama karibu nayo. Halafu kuna zile Garratt za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki, 34 kwa jumla, zilizotengenezwa na Beyer Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. Hizo zilikuwa na bola moja na mitambo miwili ya magurudumu isiyofungamana. Mitambo hiyo mara inapumua pamoja, mara inapishana, ikianza kupishana pole pole mpaka unasikia kama treni mbili. Mmoja wao, namba 5918 Mount Gelai, yuko kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kuiga sauti yake sharti uweke mapigo ya aina mbili yenye kasi zinazotofautiana kidogo sana. Mimi naona hakuna mashine iliyowahi kutembea Afrika yenye sauti nzuri kuliko hiyo, na anayebisha aje tubishane.

Sasa tuje kwetu. Dekoda ya sauti inauzwa kama dola 100 za Marekani au zaidi, na sitamwambia mchuma chai wa Kawambwa amnunulie mwanawe. Lakini treni ya waya inaweza kupewa moyo kwa vitu vya hapa hapa sokoni.

Mota ya redio kaseti hupatikana kwa mafundi wa redio, lakini mjihadhari: nyingi zina gavana ndani yake ya kuifanya izunguke kwa kasi moja, hata ukibadili umeme. Sharti fundi aifungue na kuiondoa, au mtumie mota ya gari la kuchezea. Wala msifunge mota kwenye kile kitufe cha kupandishia sauti ya redio, kitaungua. Chukueni betri 4 za tochi, volti 1.5 kila moja, mzipange mfuatano, kisha mtoe waya kila baada ya betri moja. Mkono wa kugusa nyaya hizo utawapa volti 1.5, 3, 4.5 na 6. Hizo ni ngazi 4 za mafuta. Ubaya wake ni kwamba betri ya kwanza itakwisha mapema kwa kuwa inafanya kazi katika kila ngazi, basi muwe mnazibadilisha nafasi. Kwenye ekseli ya mota funga kipande kizito cha chuma cha duara, kilichonyooka vizuri. Ukikata umeme kitaendelea kuzunguka na treni itaserereka badala ya kukwama ghafla.

Kwa sauti ya mvuke, gongomea meno 4 kwenye gurudumu na uweke ulimi wa plastiki uliokatwa kwenye galoni ya mafuta. Kila jino litaupiga. Kwa dizeli njia hiyo haifai, maana meno hufuata mwendo. Hapo itabidi simu ya mkononi yenye sauti iliyorekodiwa na spika ndogo ya redio. Spika isiachwe wazi, maana sauti ya mgongoni huiua ya mbele. Ifungie kwenye kopo au kijisanduku usikie inavyoshuka chini.

Na sauti yenyewe itoke wapi? Anayenunua dekoda hupewa sauti iliyorekodiwa Ulaya au Marekani. Lakini dekoda kama hizo za ESU zinakubali kutiwa sauti uliyorekodi mwenyewe. TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976 yenye kilomita 1,860, ilianza na vichwa vya China vya dizeli-haidroliki. Katika miaka ya 1980 vikaja vya dizeli-umeme aina ya U30C. Mtu wa karakana ya Mpika hutofautisha sauti hizo mbili akiwa amefumba macho. Na huko Tanzania, tangu mwaka 2024, treni za umeme zinakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma bila ngurumo ya injini yoyote.

Jambo lenyewe linanitia uchungu hapa. Masikio yanayojua injini ndiyo yale yale yaliyoharibiwa na injini. Kelele ya desibeli 85 ndiyo inayohesabiwa kuwa mpaka kwa saa 8 za kazi, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unatakiwa ukatwe nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba, yaani miluzi na mikwaruzo midogo ambayo kwayo fundi alitambua ubovu. Wazee wetu wa reli wakae na vijana sasa, wakati bado wanasikia. Matawi yaliyo karibu na reli yaombe ruhusa ya kurekodi karakanani, kichwa kikiwa kimesimama, kila ngazi kwa dakika moja, kupanda na kushuka, upepo ukiwa umetulia, na kila aliye karibu awe amevaa kinga ya masikio.

Kazi ikikwisha, ijaribiwe hivi. Mwite mstaafu mmoja wa reli, akae ameipa treni mgongo, na mtoto aiendeshe. Mzee aseme kwa kusikia tu: imefungua lakini haijavuta, sasa inavuta, sasa dereva amerudisha mkono. Akikosea, msimlaumu yeye. Fungueni kopo la spika mwanze upya.