Kwa nini masikio huuma zaidi ukitua Dar kuliko Mwanza

Mtu wa Nyashimo anayekwenda Dar es Salaam kwa ndege huanza kwa gari. Atapanda basi la Mwanza, apite Magu, ashuke jijini, kisha atafute tena usafiri wa kumfikisha uwanjani Ilemela. Ukijumlisha na foleni ya ukaguzi, kipande hicho cha nchi kavu humlia muda mrefu kuliko angani kwenyewe.

Mwanza hadi Dar ni takribani kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Basi linalozunguka Shinyanga, Singida na Dodoma hukata zaidi ya 1,100. Ndege ya jeti hukimbia kilomita 800 hivi kwa saa, ila ukigawanya namba hizo ukapata saa moja na kidogo utajidanganya, maana kupaa na kushuka hakufanywi kwa kasi hiyo. Weka saa moja na nusu. Ya pangaboi, karibu saa mbili.

Sasa masikio. Nyashimo ipo kando ya Ghuba ya Speke, na uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mkazi wake tayari anaishi juu. Ndege ikiwa mita 10,000, mitambo hujaza hewa ndani mpaka abiria wawe kama watu waliokaa kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwenye mita 2,400, mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 760. Mwanza ni kama 885, Dar ni 1,013. Anayetua Mwanza anaongezewa 125 hivi. Anayetua Dar anaongezewa mara mbili yake.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, kunywa maji nusu chupa huko juu, funga kizibo vizuri. Mkigusa ardhi Dar, chupa itakuwa imebonyea kama iliyokaliwa.

Ngoma ya sikio nayo husukumwa ndani vivyo hivyo. Mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo huachia hewa kutoka kwa urahisi, lakini kuiingiza ni kazi. Ndiyo maana maumivu huja ndege inaposhuka. Kumeza mate, kupiga miayo au kutafuna huufungua. Waweza pia kubana pua na kupuliza taratibu, taratibu kweli. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kushuka, na asiachwe usingizini. Mwenye mafua makali, mrija ukiwa umevimba, heri asogeze safari.

Wanaoogopa damu kuganda miguuni waelekeze hofu kwenye basi la Dar, si kwenye ndege ya saa moja na nusu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha hatari hiyo huongezeka karibu maradufu ukikaa kitako saa nne au zaidi, iwe kwenye ndege, gari au treni. Basi likisimama, teremka utembee.

Ugonjwa wa selimundu ni jambo jingine la kuangalia kabla ya kupanda ndege, nao uko kwa wingi Kanda ya Ziwa. Mgonjwa aliye katika hali nzuri kwa kawaida husafiri salama, mradi anywe maji ya kutosha na asikae kwenye baridi. Aliyetoka kuumwa karibuni, au mwenye upungufu mkubwa wa damu, amwone daktari kabla ya kukata tiketi.