Kabla Hujabadili Pikapu ya Gitaa

Mvumo wa gitaa unaosikika kwenye mkesha, kwaya imenyamaza na mchungaji anaomba, umewapeleka vijana wengi wa Madale hadi Kariakoo kusaka pikapu mpya. Kabla hujatoa nauli, ongeza sauti, kisha jigeuze polepole hapo ulipo. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, pikapu inadaka usumaku wa transfoma iliyo karibu, pengine ya amplifaya yenyewe, unaokwenda na mizunguko 50 kwa sekunde ya umeme wetu. Ukipungua pale tu unapogusa nyuzi, kinga ya ndani ya gitaa ni hafifu: bandika karatasi ya shaba kwenye mashimo ya pikapu na swichi, uiunge na waya wa ethi. Ukipigwa shoti, hata ndogo, weka gitaa chini umwite fundi umeme. Nyumba isiyo na ethi haitibiwi kwa pikapu.

Pikapu ya koili moja ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo huzaliwa ndani ya koili. Bahati mbaya koili haichagui, na mvumo nao huingia. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya hambaka: koili mbili zilizoungwa kinyume, ncha za sumaku zao zikipishana, ili mvumo ujifute na sauti ya uzi ijumlishwe. Malipo yake ni kwamba ule mlio mwembamba, mkali kidogo, wa koili moja hupungua.

Kwa mpigaji wa dansi hilo si jambo dogo. Sikiliza rekodi za bendi ya Mlimani Park za miaka ya 1980: magitaa yanapishana bila kukanyagana kwa kuwa kila moja ni safi na jepesi. Ukiweka hambaka yenye nguvu nyingi kwenye rhythm, unaziba nafasi ya solo na kuikaribia ya besi. Wa roki aichukue tu.

Muuzaji atakutajia omu, yaani ukinzani wa waya wa koili. Elfu 6 hivi ni kawaida ya koili moja, elfu 8 ya hambaka ya wastani. Lakini omu si kipimo cha sauti: waya mwembamba zaidi hupandisha omu bila kuongeza nguvu, na mizunguko ikizidi, mlio wa juu hufifia. Afadhali upime kwa rula upana kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale pikapu inapokaa, ili sumaku zikae chini ya nyuzi. Uangalie na kidhibiti sauti: koili moja kwa kawaida huenda na cha omu elfu 250, hambaka elfu 500.

Na pikapu ya zamani ikiwa inasikika kwa mbali tu, shika bisibisi kwanza. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, uipandishe pikapu hadi ibaki milimita 2 au 3. Ikisogea zaidi, sumaku huuvuta uzi na noti hazikai sawa.