Wino Mmoja, Karatasi Mbalimbali

Mwanafunzi ambaye wino humtapakaa daftarini aghalabu huitwa mchafu. Mimi niliitwa hivyo mwaka wa 1990, nikiwa darasa la nne katika shule moja ya Eastlands, nikakatwa alama za insha. Kosa langu lilikuwa kuazima kalamu ya wino ya baba.

Majuzi niliketi mezani kwangu Buruburu na chupa ya wino wa buluu, nikaandika sentensi ile ile kwa kalamu ile ile. Katika daftari la bei nafuu, aina ile wanayoinunua wazazi wengi wa Kayole na Dandora, kila mstari uliota vinyweleo, tundu la herufi “e” likazibika, na upande wa pili ukajaa madoa. Pambizo ya gazeti ilikunywa wino vibaya zaidi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ilistahimili. Kwenye daftari la hesabu lenye jalada gumu mwandiko ulitoka safi kama wa karani wa kale, ila ulichelewa kukauka nikaupaka kwa kiganja.

Mwandishi alikuwa mmoja. Kilichobadilika ni karatasi, ambayo ni nyuzi za miti zilizoshikamana na kuacha vijia vyembamba baina yake. Kiwanda kisipozitia wanga au utomvu wa kutosha, nyuzi hizo huvuta wino kama utambi uvutavyo mafuta ya taa. Wino wa biro ni mzito, una mafuta, haukimbilii vijia hivyo. Ndiyo sababu biro haichagui daftari. (Kalamu na karatasi, kwa njia, ni maneno yaliyotufikia kwa Kiarabu kutoka Kigiriki. Kalamu asili yake ni tete.)

Basi, walimu wenzangu, kabla ya kuandika “mwandiko mbaya” kwa wino mwekundu, ligeuzeni daftari mtazame upande wa pili. Mkiona wino umepenya, mtakuwa mnamwadhibu mtoto kwa mfuko wa mzazi wake.

Nanyi wanafunzi, wino wa buluu unaofulika hautunzi kumbukumbu. Rangi yake huyeyuka majini na kufifia juani. Baba alikuwa akikusanya maneno ya Kimaragoli aliyoyasikia kwa nyanya yangu, akiyaandika jioni katika madaftari ya shule. Mvua za El Nino za mwaka wa 1997 zilipotoboa paa la nyumba yetu ya Kaloleni, sanduku lilijaa maji. Nilianika kurasa zile juu ya kamba. Nyingi zilikauka zikiwa na rangi ya anga tu, bila hata neno moja. Zinazosomeka hadi leo ni zile alizoandika kwa biro, siku ambazo chupa ya wino ilikuwa imekwisha.