Safari Rally si ya watoto wa masonko pekee? Hivi ndivyo madere chipukizi huundwa, na mlango wa msee wa Kayole

Kuna dere wa mathree unamjua, yule hukata kona za Spine Road hadi abiria wanashika viti. Kila mtu husema huyo angetesa Safari Rally. Mkono labda anao. Lakini hakuna timu huokota dere barabarani. Kuna ngazi, na acha tukuchanue vile inapandwa.

Wanaanza na watoto

Lewis Hamilton alisainiwa na McLaren mwaka 1998 akiwa na miaka 13 tu. Kabla ya hapo, babake alikuwa anapiga kazi zaidi ya moja ndio kart ya kijana isikose petroli na tairi. McLaren ilipoingia, bili ikahama. Alifika Formula 1 mwaka 2007. Hesabu hiyo: miaka tisa ya kulelewa.

Kwetu je?

Safari Rally ilirudi kwa kalenda ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Wakati huo FIA ilikuwa na mpango wa Rally Star, wa kusaka vijana wa miaka 17 hadi 26. Hapo ndipo ulisikia majina ya McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome. Walipewa Ford Fiesta Rally3, gari ya magurudumu manne yanayovuta, inayoundwa na M-Sport kule Poland. Februari 2022 McRae alikuwa Sweden, anakimbia kwa theluji. Mtu wa vumbi la Naivasha!

Gari ndio huonekana, lakini kazi kubwa ni ile huoni. Dereva chipukizi hufunzwa kuandika noti za njia: kona ni kali aje, shimo liko wapi. Mwelekezi wake anamsomea noti hizo wakiwa mbio. Kuna mazoezi ya mwili, kuongea na wadhamini, na kurudisha gari ikiwa nzima. Ukigonga kila wiki, hata uwe na spidi aje, doh itaisha na hautaitwa tena.

Sasa ukweli mchungu

McRae ni mtoto wa Phineas Kimathi, dereva mkongwe wa rally. Amekulia hapo. Hiyo haimtoi kipaji, lakini inaonyesha shida iko wapi: timu hukusaidia *baada* ya kukuona, na kuonekana kwenyewe kunataka gari, helmeti na mafuta. Mtoto wa Masimba ama Soweto anakwama kabla hata ya ngazi ya kwanza.

Mlango uko wapi?

Usidharau PS. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda shindano la gemu ya Gran Turismo mwaka 2011, na 2013 akakimbia Le Mans ya masaa 24 na gari halisi.

Pia, si lazima uanze na usukani. Kila gari ya rally inahitaji mwelekezi na makanika. Kama unafungua gearbox pale jua kali na mikono inajua kazi, tafuta timu za mashindano ya hapa nyumbani, yanayosimamiwa na KMSF. Ukiwa ndani, watu wanakujua.

Na yule dere wetu wa Spine Road? Mwambie apunguze mguu. Hapo hakuna skauti, kuna watoto wanavuka.