Chunga Barua Zako Kama Unavyochunga Unga

Ndugu musomaji, umekwisha kuona barua hii? Inaingia katika ordinatere ya biro ya paruasi, ao katika ile ya kijana wako anayetafuta kazi. Inaanza kwa maneno matamu: "Mupendwa katika Bwana." Mwenye kuiandika anajiita mujane mugonjwa. Anasema bwana yake aliacha mamilioni ya dolari katika benki, naye anataka kuyaachia kanisa. Anaomba tu jina lako, namba ya simu, na feza kidogo ya kulipia karatasi. Ukituma feza hiyo, karatasi nyingine inazaliwa, kisha nyingine tena. Mamilioni hayafiki hata siku moja.

Sisi watu wa Kongo tungepaswa kuijua hadithi hii kuliko wengine, maana jina la inchi yetu limetumiwa ndani yake. Kisha Mobutu kufa mwezi wa 9 mwaka 1997, wezi walituma barua duniani pote wakijifanya kuwa mujane wake ao watoto wake. Wengine wanajifanya wenye dhahabu ya Kongo inayotafuta munuzi.

Barua zisizoombwa zinazotumwa kwa wengi namna hii zinaitwa spamu. Hazikuanza jana. Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 1978, Gary Thuerk, mufanyakazi wa kampuni ya DEC ya Marekani, alituma tangazo moja la biashara kwa watu karibu 400 kwa mara moja. Watu walikasirika, lakini mulango ulikuwa umekwisha kufunguka.

MUCHUNGAJI ALIYESAIDIA BILA KUJUA

Uingereza, katika muji wa Tunbridge Wells, palikuwa muchungaji wa Kipresbiteri, Thomas Bayes. Alipenda hesabu. Alikufa mwaka 1761, na rafiki yake Richard Price, muchungaji vilevile, akatoa maandiko yake mwaka 1763. Bayes alitafuta namna ya kupima wazo letu upya kila tunapopata ushuhuda mupya. Mwaka 2002 Paul Graham, mutu wa Marekani, aliandika namna ya kutumia hesabu hiyo juu ya spamu, na watengenezaji wengi wa programu wakaifuata.

Kazi yake ni hii. Kichungio kinahesabu maneno ya barua ulizosema ni mbaya, na ya zile ulizosema ni nzuri. Neno moja peke yake halihukumu. Kwa mutu wa Paris, neno "dhahabu" linaweza kuwa alama ya mwizi. Kwa wewe unayekaa karibu na machimbo, dhahabu ni habari ya kila siku. Kichungio chako kitajifunza hivyo kutoka kwa barua zako mwenyewe. Lakini "dhahabu" pamoja na "urithi", "siri" na "haraka", hapo kinashituka.

NAMNA YA KUKITENGENEZA

Tuchukue Thunderbird, programu ya barua ya Mozilla. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, na hailipishwi. Ukiitumia kwa Kifaransa, barua mbaya zinaitwa Indésirables.

1. Fungua Paramètres des comptes, chagua adresi yako, halafu sehemu ya barua mbaya. Washa kichungio. Kama uko na adresi mbili, fanya hivyo kwa kila moja.

2. Hapo hapo, weka alama ya kwamba watu walio katika kitabu chako cha adresi wasihesabiwe kuwa wabaya. Kisha andika humo adresi za masomo, za kazi na za ndugu walio ng'ambo.

3. Amuru barua mbaya zihamie katika sanduku lake. Usiamuru zifutwe mara moja.

4. Kifundishe. Barua mbaya ikipita, bonyeza alama ya moto mudogo. Barua nzuri ikiangukia kwa mbaya, kiambie kwamba si mbaya. Wengi wanasahau jambo hili la pili. Mutoto anayeonyeshwa makosa tu hawezi kujua mema yanafanana namna gani.

USITUPE MADINI PAMOJA NA MUCHANGA

Wachimbaji wanajua: anayeosha kasiterite kwa haraka anaweza kuacha madini yaende na maji. Kijana anaandikia chuo kikuu kutafuta nafasi. Jibu linakuja, linaangukia sanduku la barua mbaya, tarehe inapita. Yeye anafikiri walimukataa. Hasara ya namna hiyo haipigi kelele, lakini inaweza kugeuza maisha ya mutu. Basi tazama sanduku lile kila juma mbele ya kulisafisha.

Tena, kampuni inayotunza adresi yako iko na kichungio chake kule mbali. Kama programu yako inachukua barua kwa njia ya POP, zile zilizokamatwa kule kwa kawaida hazifiki kwako kabisa. Ingia kwa intaneti mara kwa mara, uchunguze kule pia.

PALE KICHUNGIO KINAPOSHINDWA

Mwizi akiiba adresi ya rafiki yako, barua yake itapita, maana jina liko katika kitabu chako. Rafiki akiomba feza kwa barua, umupigie simu kwanza kwa namba unayoijua tangu zamani. Na namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, usimupe mutu yeyote.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita vilipoingia Goma, benki zilifunga milango, na familia nyingi zikategemea feza za simu. Mutu anayengojea musaada anaamini upesi. Hakuna haya katika hilo. Ni njaa na mashaka. Ndiyo sababu barua ya namna hiyo isisomwe na mutu mumoja peke yake. Enyi vijana, onyesheni wazazi. Nanyi wazazi, musiwacheke wala kuwagombeza, ili kesho waonyeshe tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Ni nani kwetu amekwisha kupokea barua ya namna hii? Ilimuomba kitu gani? Nani atatazama sanduku la barua mbaya juma hili?