Kamera ya Msafiri: Uteuzi na Ubebaji wa Vifaa vya Picha katika Ziara ya Lamu

Likizo ndefu inapowadia, hakosi mwanafunzi wa Kiswahili atakayefunga safari kuelekea Lamu, na ni nadra aende bila chombo cha kupigia picha. Hili si jambo la kustaajabisha. Mji Mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni mji unaosomwa darasani kabla ya kuonekana kwa macho. Tatizo hujitokeza pale msafiri anapoteua vifaa kwa kusikiliza sifa za dukani, kisha akagundua, akiwa kichochoroni, kwamba lenzi iliyomla akiba ya muhula mzima haina nafasi ya kufanyia kazi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba uteuzi wa kamera ya safari sharti uanzie mahali paendewapo: upana wa njia zake, mwanga wake, na namna mtu anavyotembea humo.

Vichochoro vya Lamu vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, nazo kuta ndefu za mawe ya matumbawe huvitia kivuli. Anayetaka kupiga picha ya mlango wa nakshi aghalabu hawezi kurudi nyuma, maana mgongo wake tayari umegusa ukuta wa jirani. Hapa hesabu ndogo yahitajika. Kamera nyingi za bei nafuu zenye lenzi za kubadilishwa zina kihisi, yaani kile kibamba kilichochukua nafasi ya filamu, chenye urefu wa takriban milimita 23.5. Ikiwa mlango uko mita 1.5 kutoka kwenye kamera iliyoshikwa wima, lenzi ya milimita 50 itaona sentimita 70 tu za kimo chake: pete ya kubishia hodi na nakshi kidogo. Lenzi ya milimita 18, ambayo ni sehemu ya ile lenzi inayouzwa pamoja na kamera, itaona mita 2 hivi. Ya milimita 10 itaona mita 3.5, nao mlango utaingia wote, mfaa, miimo na kizingiti. Lenzi pana ina hila yake, hata hivyo: ikiinuliwa kutazama juu, miimo huinamiana kana kwamba nyumba inaanguka. Dawa ni kuishika kamera ikiwa sawa bila kuiinamisha. Fauka ya hayo, simu nyingi za kisasa zina lenzi ya pili iliyo pana sana, na mbele ya mlango kama huo simu huweza kuishinda kamera ghali.

Kwa hiyo lenzi ndefu, ile ya milimita 70 hadi 200 ambayo ikiwa na tundu kubwa huwa na uzito wa kilo 1.5 hivi, ina kazi chache Lamu. Itafaa mashindano ya jahazi na ndege wa kwenye mikoko. Wapo wanaoipenda kwa kuwa inawawezesha kupiga watu picha kutoka mbali bila ya wao kujua. Hiyo ni sababu nzuri ya kuiacha nyumbani.

Suala zito zaidi ni mwanga. Saa sita za mchana jua hupiga upande mmoja wa njia na kuuacha mwingine gizani, na ndani ya nyumba za kale vyumba vya nyuma hupata mwanga hafifu mno. Isitoshe, msafiri aliyekwenda kwa ajili ya Maulidi, ambayo historia yake Lamu inahusishwa na Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, atataka picha za usiku, twari zinapovuma. Flashi haifai hapo, kwani huua rangi ya taa na kuwakera walio katika dhikri. Stendi ya miguu mitatu nayo huziba njia. Kinachobaki ni tundu la lenzi. Tundu hupimwa kwa namba, na namba inapopungua ndipo tundu linapopanuka. Lenzi iliyouzwa na kamera, ikivutwa mpaka mwisho, huwa na namba 5.6, lenzi ndogo ya milimita 50 isiyovutika huwa na 1.8. Tofauti hii yaonekana ndogo kwa anayeisoma, lakini hiyo ya pili huingiza mwanga takriban mara 10 zaidi. Pale ambapo ya kwanza ingehitaji sehemu ya kumi ya sekunde, na kila mkono unaopiga twari ukageuka ukungu, ya pili itatosheka na sehemu ya mia. Baadhi ya lenzi hizi hazifiki gramu 200, na ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa.

Lenzi hiyo hiyo, iliyoshindwa na mlango, ndiyo ifaayo kwa miswada. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, na orodha ya iliyohifadhiwa Dar es Salaam ikachapishwa mwaka 1970. Mingine ingali katika nyumba za watu, ikiliwa na wadudu na unyevu. Mwanafunzi akikaribishwa kuona kurasa za aina hiyo, na mwenyewe akaridhia zipigwe picha, haifai akose chombo cha kuzisomesha. Ukurasa na uwekwe karibu na dirisha, pasipopigwa na jua, kamera iwe sambamba nao, na kila ukurasa upigwe mara mbili.

Kuhusu ubebaji, njia ya basi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha mashua. Kamera isiwekwe kwenye buti la basi. Ikae mapajani, imefungwa kwa kikoi ndani ya mkoba wa kawaida usiotangaza kilichomo. Mashuani maji ya chumvi huruka, hivyo mfuko wa plastiki wenye kufungika ni wa lazima. Wanaotua Manda kwa ndege nao wakumbuke kwamba betri za akiba hubebwa mkononi, wala si katika mizigo. Ziara ya Takwa hutegemea maji kujaa, na kutoka mjini hadi Shela ni takriban kilomita 3 za kutembea kwa miguu. Ni hapo ambapo bega hutoa hukumu juu ya kila kilichopakiwa.

Unyevu hudhuru polepole. Anayelala katika chumba chenye kiyoyozi aiache kamera mkobani kwa muda atokapo nje, la sivyo kioo kitafunikwa na umande. Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu visitupwe. Anayenunua lenzi iliyokwisha kutumika naye aimulike kwa tochi, kwani kuvu, ambao huonekana kama utando wa buibui ndani ya kioo, hauondoki kwa kitambaa.

Kila jioni picha zinakiliwe mahali pawili, na kadi isifutwe hadi msafiri arudi chuoni.